Programu Niliyoipa Chumba Chake

Hili nalisema nikiwa nimeinamisha kichwa. Miaka ile ya tisini, kwenye ofisi yetu ya picha mtaani Donholm, tulikuwa na kompyuta yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili za kufanyia kazi, na mimi nikajiona fundi. Asubuhi moja Mama Auma alileta picha ya paspoti ya marehemu mumewe, tuikuze iwekwe juu ya jeneza. Basi la kwenda mazishini lilikuwa linaondoka saa sita.

Nililelewa mtaa wa Huruma, watu saba chumba kimoja. Nikaihurumia programu ya picha, nikaifungia ndani ya prosesa moja iwe yake peke yake, isibanane na programu nyingine.

"Mama, nimeipa chumba chake," nikajigamba. "Sasa itakimbia."

Ikatambaa. Saa sita kasorobo, kwenye skrini mzee alikuwa na paji la uso tu, macho bado. Shemeji ya Mama Auma akaja mlangoni kumwita, basi linaondoka.

Ndipo Wambui, mwenye ofisi, akaingia, akaangalia kompyuta.

"Nani ameifungia programu hii kwenye prosesa moja? Hii hutumia prosesa zote mbili! Ingekuwa imemaliza kitambo!"

Nikainua mkono. Mama Auma akaichukua ile picha yake ndogo, akaifunga kwenye leso.

"Usimgombeze," akasema. "Tangu asubuhi ni yeye tu amekaa na mimi."