Mwalimu Mishale na Mama Yake

Jina la Mwalimu Mishale alipewa na watoto wenyewe. Kila mwaka, somo la uhamaji likifika, alibandika ramani kubwa ukutani mwa darasa la tano na kutoa kazi ile ile: nenda nyumbani, muulize mzee kuliko wote, kwenu mlitoka wapi na mlifuata nini huku. Kesho yake kila mtoto alichora mshale mwekundu kutoka huko mpaka hapa tulipo. Mtoto wa fundi viatu alichora, wa muuza mkaa alichora, hata wa mwalimu mkuu, ambaye babu yake alikuja kujenga reli akanogewa, akasahau kurudi.

"Mnaona?" aliwaambia. "Sote tumekuja. Tumepishana siku za kufika tu."

Mimi nafundisha hesabu, na nilikaa naye meza moja ofisini miaka kumi na moja. Nilipenda kumchokoza. "Na mshale wako uko wapi, dada?"

"Mimi wa hapa hapa. Nimezaliwa nyuma ya soko," alijibu bila kuinua macho kwenye madaftari.

Nami nikaamini, pamoja na hesabu zangu zote. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu hata wembe alikuwa ameuficha.

Ukweli aliniambia mwaka huu, baada ya kumzika mama yake. Walikuja wakikimbia vita, yeye akiwa mgongoni, hajaota hata jino. Mama akapata cherehani ya kukanyaga, akashona nguo za watu barazani na kumsomesha. Tatizo lilikuwa ulimi. Lafudhi ya kwao haikumtoka. Binti alipokuwa na miaka tisa, mama alisimama kwenye kikao cha wazazi kuuliza swali, na ukumbi mzima ukacheka. Jioni ile mtoto alimwambia, "Mama, usiongee tena mbele za watu. Na ukiulizwa, sema tumezaliwa hapa."

Mama akasema, "Sawa, mwanangu." Kwa miaka thelathini na tano hakuteleza hata mara moja.

Mwaka jana kwenye darasa la tano aliingia msichana mgeni, ndiyo kwanza familia yake imefika. Wenzake walikuwa wakimwigiza anavyoongea. Zamu yake ya ramani ilipofika, aliweka nukta juu ya mji wetu, akarudi kukaa. "Sisi wa hapa hapa," alisema. Mwalimu Mishale aliniambia alijisikia kama amezabwa kofi. Akaamua kumleta mama yake darasani, mtoto yule asikie kwamba hata mwalimu wake alikuja amebebwa.

Hapo ndipo alipokosea, na nakasirika mpaka leo nikifikiria. Angemwambia mama waziwazi: safari hii sema kweli. Aliona haya kulitamka neno lililokaa kimya miaka yote hiyo. Akasema tu, "Mama, njoo uwasimulie watoto habari zetu." Akadhani ataelewa.

Bibi wa watu alifanya mazoezi siku mbili, peke yake, mlango umefungwa. Akaja amevaa gauni aliloshona mwenyewe, akasimama mbele ya ramani, akatamka maneno moja moja, taratibu, ili lafudhi isichomoze.

"Wajukuu zangu, mimi nimezaliwa nyuma ya soko. Mama yangu pia. Sisi hatujatoka popote."

Msichana yule alimtazama mwalimu. Lilitakiwa neno moja tu: mama, waambie kweli. Mwalimu Mishale alifungua mdomo, akawaona watoto arobaini wanamsubiri, akasema, "Haya, tumpigie mgeni wetu makofi."

Miezi minne baadaye mama alianguka barazani, asiamke tena. Kijiji walichotoka hakikuwahi kutajwa nyumbani, na sasa hakuna wa kuulizwa. Msichana yule naye alihamishiwa shule nyingine, nukta yake ikiwa bado peke yake kwenye ramani nzima. Hayo yote Mwalimu Mishale anayataja kwa sauti ya kawaida. Kinachomliza ni dakika kumi za kurudi nyumbani siku ile ya darasani, yeye na mama wakitembea wameshikana mikono.

Mama alikuwa na furaha ambayo binti hakuwahi kumwona nayo. Walipofika kwenye kona ya kwao akasimama, akamtengeneza binti yake kola ya blauzi, akauliza kwa lafudhi yake yote, kwa kuwa walikuwa wawili tu:

"Nimesema vizuri, mwanangu? Sikukuaibisha?"

"Umesema vizuri sana, mama," alimjibu.