Wimbo wa Kumpokea Mwalimu

Wanafunzi walimwita Kamusi, na jina likamkaa. Alikuwa mkutubi wa chuo, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi utadhani linaenda harusini. Miaka yote aliyokaa nyuma ya meza ile ndefu ya kuazimia vitabu, hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Ukimuuliza kitu, ama anakujibu papo hapo, ama anakohoa kidogo kisha anakujibu.

Chuo kilipoanzisha masomo ya Kireno, mkuu wa idara alimwomba awasaidie wanafunzi waonje na maisha ya wenye lugha hiyo, maana sarufi peke yake inachosha. Kamusi akalivalia njuga jambo hilo. Alitenga kona karibu na dirisha, akabandika picha na ramani, akapanga magazeti, filamu na diski za muziki zilizoletwa na wafadhili. Kireno chake mwenyewe kiliishia kwenye salamu, lakini hilo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Zikaja habari kwamba mwalimu mpya yuko njiani, mwanamke mzaliwa wa nchi inayozungumza Kireno. Wanafunzi wakataka kumpokea kwa wimbo. Kamusi akawachagulia mmoja kutoka kwenye diski yenye picha ya watu walioshikana mikono. Sauti zilikuwa tamu, zinapanda na kushuka polepole, naye akasema ni wimbo wa kukaribishia wageni vijijini. Wakaukariri kwa kusikiliza tu. Msichana mmoja, mwepesi wa masikio kuliko wenzake, akasita.

"Mzee, hapa si wanataja udongo?"

Kamusi akakohoa. "Ardhi, mwanangu. Karibu katika ardhi yetu."

Siku ya mapokezi meza zilisogezwa ukutani, mwalimu akakalishwa mbele, mkoba magotini. Ubeti wa kwanza akainamisha kichwa. Wa pili machozi yakaanza kumtoka. Kamusi, amesimama kando ya rafu, kifua kikamjaa. Kumbe kazi yake imemgusa mgeni kiasi hicho! Wimbo ulipokwisha akapiga makofi peke yake, akawapungia wanafunzi mkono warudie. Nao wakarudia, wote, mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu alishukuru kwa Kiswahili cha kuungaunga, akaomba kwenda kunawa uso. Mkuu wa idara akamfuata. Aliporudi alimvuta Kamusi pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba ule ni wimbo wa mazishi, huimbwa watu wakitupia udongo kaburini. Mama wa mwalimu alizikwa kwa wimbo huohuo muda mfupi kabla binti hajasafiri.

Kosa lenyewe Kamusi angelimeza. Kilichomkaba ni ule mkono wake uliokuwa ukipunga warudie.

Tangu hapo akawa mtu wa kujificha. Chakula cha mchana alikula stoo, katikati ya vitabu vilivyochanika. Akisikia viatu vya mwalimu kwenye ngazi, anajitia kutafuta kitu rafu ya chini kabisa. Mkewe alipomuuliza kulikoni, alisingizia mgongo.

Mwisho mwalimu akamkuta palepale, amechuchumaa, hana pa kukimbilia.

"Mwalimu, sikujua ni wimbo gani," Kamusi alisema, macho sakafuni. "Na niliulizwa, nikajifanya najua."

Mwalimu alivuta kiti, akaketi. "Waliuimba vizuri," akasema. "Ndiyo maana uliniuma. Ile mara ya pili nilitamani kukimbia."

Hakumwambia yamekwisha, na Kamusi akaona ni haki yake. Kesho yake aliwakusanya wanafunzi, akawaeleza yote, na kwamba msichana yule alisikia sawasawa. Msichana akatazama chini kana kwamba aibu ni yake. Hilo likamzidishia Kamusi mzigo.

Baadaye yeye na mwalimu waliipitia ile kona, kitu kwa kitu. Picha nyingi zilishuka. Kamusi akajikaza kuuliza, basi huko kwao mgeni anaimbiwa nini? Mwalimu akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Haimbiwi kitu, alisema, anapewa kiti. Kamusi naye akacheka, lakini uso ulikuwa ukimwaka moto, akageukia ukutani kubandua picha nyingine.