Klorini na Chungu cha Mihogo

Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya afya nilipopelekwa Janga, kwenye kijiji cha ujamaa, kuwafundisha watu kutia klorini katika maji ya kisima. Ingawa ni mwanamke, wote waliniita bwana afya, nami nikaitika.

Siku ya kwanza nilitia dawa kwenye ndoo mbele ya akina mama, nikakoroga, nikangoja. Kisha nikachota maji kidogo kwenye kichupa na kudondoshea dawa ya kupimia. Kama klorini ingekuwamo, maji yangegeuka manjano. Hayakugeuka. Nikaongeza klorini. Wapi!

"Dawa yako imelala, bwana afya," alisema mama aliyenipa chumba nyumbani kwake. Wenzake wakaangua kicheko. Uso ulinishuka.

Nikachungulia ndoo. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji yalifanana na chai ya maziwa. Hapo nikakumbuka masomo ya chuoni.

"Haikulala," nikasema. "Imeliwa na tope. Klorini hukimbilia uchafu kwanza, vijidudu vikabaki salama."

Mama mwenyeji hakubisha. Alijaza ndoo nyingine, akaiacha itulie hadi asubuhi, akayamimina maji ya juu taratibu kupitia khanga iliyokunjwa mara nne. Nikatia dawa kipimo kilekile cha mwanzo.

"Tunywe?"

"Bado, mama. Inataka nusu saa kuua vijidudu."

Nikatazama saa yangu. Ilikuwa imesimama tangu juzi yake. Mama akacheka, akateleka chungu cha mihogo.

"Mihogo hii ikiiva, nusu saa imetimia."

Tulikaa tukipiga soga mpaka mihogo ikalainika. Nikadondoshea tena dawa ya kupimia. Manjano! Vigelegele vikapigwa.

Bibi mmoja akaonja, akakunja uso. "Yananuka kama shuka za hospitali."

"Harufu ikibaki, bibi, ujue dawa nayo imebaki."

"Haya, nipe kikombe kingine. Afadhali hospitali inijie nyumbani kuliko mimi kuifuata."

Masika yote yale, katika nyumba za akina mama wale hakulazwa mtoto hata mmoja kwa kuhara. Nilipohamishiwa Vihingo, akina mama walinisindikiza hadi Mlandizi, wakanikabidhi jogoo. Niliketi naye mapajani ndani ya basi, akiwika kila tulipopita bonde, na abiria wakimwitikia.