Nukta ya Upande wa Kulia

Asubuhi niliyoondoka Richardson, pembeni ya Dallas, sikuwa na mpango. Nilitia sanduku la spana kwenye buti, nikatupa godoro la kukunja kiti cha nyuma, nikaenda kusini pamoja na foleni ya watu wa maofisini. Nimehama hivyo mara nyingi. Tangu nilipoacha shule darasa la sita, kila mahali nilipochoka mara moja sikungoja kuchoka mara ya pili. Safari hii, lakini, sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimefukuzwa, na jina langu limechafuliwa.

Watu hucheka nikiwaambia kwamba nilikuwa fundi wa pikipiki za theluji Texas. Theluji ya Dallas haitoshi kulowesha soksi. Lakini kuna wahandisi na madaktari wenye trela, ambao kila Februari huzivuta mashine zao hadi milima ya Colorado na kuzirudisha zimevunjika. Gereji iliyozitengeneza ilikuwa ya bwana mmoja wa Mombasa, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wake.

Kiwanda kilikuwa kikituletea nyaraka kila mara. Springi hii imeongezwa nguvu, shafti ile imenenepeshwa. Hakikusema hata siku moja kwamba kilikosea, kilisema kimeboresha. Nilizisoma zote, hata za mashine ambazo hatukuwa nazo, kwa sababu nilipenda kuona mahali watu wenye digrii walipojikwaa.

Vuli ile kiwanda kilitangaza kwamba paipu ya mafuta ya mashine fulani hukakamaa kwenye baridi kali na kupasuka. Mpya zingeletwa. Fundi akishabadilisha, agonge nukta moja kwa tindo upande wa kulia wa namba ya mashine, ili fundi yeyote atakayekuja baadaye ajue kazi imefanyika. Bosi wangu hakungoja paipu. Wateja walikuwa wakimpigia simu, msimu unakaribia, basi akapita na tindo na nyundo akagonga nukta kwenye mashine tisa mchana mmoja, huku akipiga mluzi. "Paipu zikija tutazivalisha," alisema. "Nukta ndiyo hutazamwa."

Wiki mbili baadaye ukaja waraka wa pili. Paipu za kwanza zimefutwa, hakuna hata moja iliyotoka kiwandani. Zitakuja nyingine zenye mstari wa buluu, na nukta sasa igongwe upande wa kushoto. Nilimpelekea mezani, nikaanza kumsomea.

"Shule ilikushinda, leo wanisomea mimi barua?" akasema, na wateja wawili waliokuwa wakinywa kahawa wakacheka naye. "Hebu kafagie, profesa."

Nikafagia. Paipu zilipofika nilivalisha mashine zote zilizokuwa bado gereji, nikagonga nukta zangu kushoto. Zile tisa zake zilikuwa zimeshachukuliwa. Nilimwambia aziite zirudi. Akasema nisimfundishe kazi.

Mwezi wa pili mmoja wa wenye zile mashine tisa, daktari wa meno Mtanzania anayekaa Katy, nje ya Houston, alizimikiwa na mashine mlimani. Alitembea nusu siku kwenye theluji ya mapajani. Bosi alirekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp ambalo Waswahili wote wa Dallas na Houston wamo: paipu ilibadilishwa na fundi wake, akaikaza vibaya, ameshamwondoa, na asipewe hata baiskeli ya mtoto kutengeneza. Mtu asiye na cheti ana kitu kimoja tu, nacho ni watu kusema anajua kazi. Nilipiga simu gereji nne. Zote zilikuwa zimesikia ule ujumbe.

Katikati ya njia ya Houston nilisimama kujaza mafuta, na hapo ndipo mpango ulipokuja. Niliwahi kupeleka trela kwa yule daktari. Nilikumbuka nyumba.

Alitoka na kandambili, mashine yake iko kwenye trela chini ya turubai.

"Bwana mdogo, una uso mkavu kweli kweli," akasema. "Nilidhani nitafia kule!"

"Daktari, nipe dakika tano. Ukiona nimekudanganya, nipigie polisi."

Nikatoa turubai, nikafungua kifuniko. Paipu ilikuwa nyeusi tupu, imepasuka kwenye klipu. Nikamwonyesha waraka wa pili kwenye simu, mstari wa buluu, nukta ya kushoto. Kisha nikaweka kidole kwenye nukta ya mashine yake. Ilikuwa kulia.

Alisoma mara mbili. Yeye ni mtu wa kusoma, na hilo nilikuwa nimelitegemea.

"Mpigie," nikamwambia. "Usimwambie nipo. Muulize tu nukta iko upande gani."

Akaweka spika. Bosi alimpokea kwa salamu ndefu, akauliza hali ya miguu, akamlaani fundi aliyemponza.

"Hivi ile alama ya kiwanda," daktari akasema, "huwa inagongwa upande gani?"

"Kulia, ndugu yangu. Yako niligonga kwa mkono wangu."

"Kwa mkono wako?"

"Wallahi!"

Daktari alinitazama. Mimi nilikuwa natabasamu, wala sioni haya kusema hivyo. Nilitaka aendelee kuapa. Aliapa mara mbili zaidi.

Daktari akakata simu, akapiga picha ya paipu, ya nukta na ya waraka, akazituma kwenye kundi lile lile, kisha akarekodi ujumbe wa sauti pale pale barazani. Nilimwomba arudie mwanzo, kwa sababu alisema tu "fundi yule", nami nilitaka jina langu litajwe lote, la baba na la babu. Akalitaja. Wale wanane wengine wakaanza kuuliza nukta zao ziko wapi.

Alinikaribisha chumba cha wageni. Nilikataa. Ujumbe wa bosi ulipotoka, yeye ndiye wa kwanza kuuwekea dole gumba, na mimi huwa sisahau dole gumba. Nilimwomba ile paipu iliyopasuka tu.

Jua halijazama nilikuwa Gulfton, mtaa wa wahamiaji Houston, nikisoma vikaratasi vya vyumba vya kupanga kwenye mlango wa duka. Mama mmoja Mkongomani alinipandisha ghorofa ya pili, kwa kuwa ya chini ilikuwa bado inanuka maji ya mafuriko.

"Chumba ni hiki, baba. Choo tunatumiaka wote. Weye unafanyaka kazi gani?"

"Fundi."

"Na hiyo nyoka?"

"Ni paipu, mama. Nipe msumari."

Niliitundika ukutani juu ya godoro. Simu ilikuwa ikitetemeka sakafuni, jina la bosi kwenye kioo, kwa mara ya kumi na moja.

"Banakuita," mama akasema. "Haujibu?"

"Acha iite," nikasema, nikavua viatu.