Bei ya Kuandikwa na Bei ya Kupika

Imetangazwa rasmi, kwa muhuri na saini mbili, kwamba hakuna mtu awezaye kuishi kwa staha katika jiji hili kwa mshahara ulio chini ya laki tisa kwa mwezi.

Karani aliyekusanya bei zilizozaa tangazo hilo alikuwa akipata laki nne. Sokoni walimwita Dada Bei, kwani kwa miaka kumi na mmoja alipita kila Jumanne na daftari lake, akauliza bei ya kila kitu asinunue chochote. Ndiyo kanuni: mkusanya bei huandika anachotajiwa, habishi wala hapunguziwi. Manunuzi ya nyumbani alimwachia mama yake, na kila mwisho wa mwezi, fedha zilipobaki, alimshukuru Mungu kwa kumpa mama mwenye mkono wa baraka.

Siku mbili baada ya tangazo, mkuu wa idara alimwita. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma ya mkubwa ni ya kuiogopa.

"Mwanangu, nimesoma ripoti yetu. Kumbe unateseka hivi!"

"Mimi, mzee?"

"Takwimu hazidanganyi. Nakuhamishia tawi la mbali, kule laki nne inatosha. Saini kabla ya Ijumaa."

Dada Bei aliipokea ile fomu kama mtu aliyeandikiwa dawa ya ugonjwa wa jirani. Hakutaka kuhama. Alikuwa na chumba chenye dirisha la mashariki, mama yake mlango wa pili, na kiti barazani ambacho hakuna mpangaji aliyethubutu kukikalia.

Jioni ile alimsindikiza mama yake sokoni, walau amsaidie kapu. Muuza nyanya akawapimia fungu.

"Mia tano, mama. Na hiki kitunguu juu yangu."

Dada Bei alishtuka. "Jumanne si ulinitajia elfu moja na mia mbili?"

"Ile ya kuandika!" Muuza nyanya alimtazama kwa masikitiko. "Soko zima tulikubaliana tuwatajie kubwa, ili serikali iwaongeze mishahara mje mnunue. Miaka yote tunawatetea, hata asante hatujaisikia."

"Usimlaumu," mama mtu akasema. "Huyu wangu kasoma sana, kununua ndiyo hajui."

Ijumaa, Dada Bei alimweleza mkuu habari yote. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo ripoti ina makosa?"

"Hapana, mzee. Tumeandika tulichotajiwa."

"Nawe huteseki?"

"Nimejaribu, mzee. Nimeshindwa."

Mkuu aliyapima mambo mawili: kuirudisha ripoti yenye saini mbili, moja ikiwa yake, au kuichana fomu isiyo na saini. Akaichana fomu.

Jumanne iliyofuata nyanya ziliandikwa elfu moja na mia tatu kwa fungu. Jioni mama yake alizinunua kwa mia tano, akapewa na kitunguu.