Kofia ya Mama Ozella Isiyo na Utepe

Mjini Harpersfield, kule Alabama, ukitaka kumjua Mama Ozella Merriweather usianzie usoni, anzia kichwani. Mama huyu hushona kofia za kanisani, zile zenye ukingo mpana kama sinia, hata ukikaa nyuma yake utamsikia mchungaji tu, kumwona sahau. Na kila kofia yake lazima iwe na utepe. "Kofia bila utepe," husema, "ni sala bila amina."

Kabla ya kustaafu alikuwa akifua jezi za wachezaji wa Chuo cha Larrabee, hapo hapo mjini. Mama yake mzazi aliingia chuoni humo kwa mlango wa jikoni maisha yake yote, maana enzi zile mtu mweusi alipika pale, hakusoma. Ozella akafua, akapiga pasi, akakunja, na katika kukunja huko akawa na ombi lake moja: siku moja jezi ya buluu iandikwe Merriweather mgongoni.

Mungu si Athumani. Mjukuu wake Keturah, aliyemlea tangu akiwa mchanga, akarefuka mpaka akawa anainama milangoni, na mpira wa kikapu anautumbukiza kama anayetia sukari kwenye chai. Vyuo vikaanza kumgombea. Mwisho vikabaki viwili: Larrabee, ambacho kengele yake inasikika hadi barazani kwao, na Pisga, chuo walichojijengea watu weusi zamani walipofungiwa milango kwingine, nacho kiko mbali, safari ya nusu siku kwa gari. Mama Ozella hakumwambia mtoto aende wapi. Alishona tu kofia mpya yenye utepe wa buluu ya Larrabee, akaitundika sebuleni. Sasa mjinga gani asingeelewa?

Ikabaki wiki moja watoto watie saini ya kujiunga na vyuo, ndipo video moja ikazagaa. Msichana wa kizungu aitwaye Kenzie, ambaye Larrabee walikwisha kumsajili na ambaye angelala chumba kimoja na Keturah akienda huko, alikuwa garini na wenzake, wakijirekodi kwa simu. Wakawapita wachezaji weusi waliokuwa wakikimbia mazoezi. Kenzie akawaita nyani, akaiga na mlio, wote wakaangua kicheko. Kisha akaiweka mtandaoni kwa mkono wake mwenyewe. Kufumba na kufumbua mji mzima umeiona, huyu analaani, yule anatetea: "Utani wa watoto huo!"

Kocha Stovall wa Larrabee akaja nyumbani mbio. Huku desturi ni hiyo: kocha anayemtaka mtoto wako huja kukaa kwenye kochi lako na kula chakula chako, na akikataa sahani ya pili amejikosesha mchezaji. Stovall hakukataa. Alikula kuku, akala na pai ya pichi, akaongeza.

"Mama Ozella, kwa pai hii nitahamia hapa."

"Hamia tu, mwanangu. Vyombo vya kuosha vipo."

Wakacheka. Keturah peke yake hakucheka, alikuwa akitazama viatu vyake. Bibi yake akamwona.

"Na yule binti wa kwenye video?" akauliza kwa upole.

Kocha akaweka kijiko. "Ah, ameteleza, mama. Mtoto yule. Ameshaomba radhi mtandaoni."

"Wale aliowaita nyani amewaendea?"

"Bado. Tunangoja mambo yapoe."

"Kinachopoa ni chakula, mwanangu. Tusi halipoi."

"Lakini Keturah asiwe na wasiwasi. Tutamtafutia chumba kingine. Kuna jengo la nyuma, tulivu kabisa."

Mama Ozella akakumbuka mlango wa jikoni. "Yaani mwenye kutukana abaki mbele," akasema, "na mwenye kutukanwa ahamie nyuma?"

Kocha akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake asubuhi Mama Ozella alikuwa akipita ukumbini na kapu la nguo, akamsikia Keturah jikoni akiongea na rafiki yake kwenye simu. "Roho yangu iko Pisga, shoga. Lakini Bibi kashashona kofia! Nitamvunjaje moyo? Navaa tu ya buluu, basi."

Akaliweka kapu chini. Akarudi chumbani, akapiga magoti. "Bwana, nilidhani namwombea mtoto. Kumbe nilikuwa najiombea mimi." Akainuka, akachukua mkasi, akaenda sebuleni, akaishusha ile kofia ukutani.

Siku ya saini ikafika. Ukumbi wa michezo wa shule ulijaa, na mbele palikuwa na meza yenye kapelo mbili, moja ya buluu, nyingine rangi ya damu ya mzee, ndiyo ya Pisga. Atakayoivaa mtoto mbele ya watu, ndiko anakokwenda. Kando, Dada Wilhelmina wa kwaya alikwisha kuweka keki kubwa yenye krimu ya buluu, bila kumuuliza mtu.

Mama Ozella akaingia. Watu wakageuka.

"Ozella!" Wilhelmina akashika kifua. "Umetoka na kofia uchi?"

"Tepe zimo mkobani, Mina, za rangi zote mbili. Nangoja nione mjukuu wangu anakwenda wapi, ndipo nijue nibandike upi." Alisema kwa sauti ya kwaya, ili ifike mezani.

Ikafika. "Bibi! Na ile uliyoshona?"

"Nimeifumua. Uzi ni wa kufumuliwa, mama. Chagua unakotaka wewe. Kichwa changu hakikatai rangi."

Keturah akacheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaichukua ile ya damu ya mzee, akaivaa.

Ukumbi ukalipuka. Moyo wa Mama Ozella ulimchoma kidogo, kwa kuwa nyumba itakuwa kimya, lakini vidole tayari vilikuwa mkobani. Akabana pini mdomoni, akaubandika utepe palepale, akaupapasa ukakaa.

"Na keki yangu je?" Wilhelmina akanung'unika.

"Keki haijasajiliwa na chuo chochote. Kata tule!"

Wakala, hata mchungaji akatoa shukrani kwa ulimi wa buluu.

Wakirudi nyumbani kwa miguu, Mama Ozella akasema, "Yule Kenzie namwombea kila asubuhi. Kwa jina."

"Mwombee sana, Bibi. Mwezi wa kumi na moja Pisga inacheza na Larrabee. Wewe mwombee, mimi nitamfunga."

"Mfunge. Lakini akianguka, mnyanyue."

Keturah akafikiri hatua kadhaa. "Sawa. Nikishafunga."

Mama Ozella akaiweka kofia yake vizuri, akasema, "Amina."