Siku Tuliyopanda Longido Bila Kutumwa na Mtu

Mwanangu wa kwanza aliposikia nataka kuvuka Namanga nikapande mlima Tanzania, aliuliza kama kuna mzigo wa duka ninaoufuata huko. Nikamwambia hakuna. Akauliza kama kuna mgonjwa. Hakuna. Harusi? Hakuna.

"Sasa unaenda kufanya nini, hooyo?"

"Kupanda. Nikifika juu, nishuke."

Nilikuwa na miaka hamsini na minne, mjane wa Kisomali, mwenye duka la vitambaa hapa Kitengela ambalo siku hizi analisimamia yeye. Niko na kisukari. Daktari ndiye aliyeniambia nitembee, na kwa mwaka mzima nilitembea kila asubuhi bila mtu kulalamika, kwa sababu hiyo ilikuwa dawa. Kutembea kwa kupenda kwangu ndiko kulikowasumbua. Mwanangu akasema watu watasema. Nikamjibu kwamba watu walisema baba yake alipokufa, wakasema nilipofungua duka, wakasema nilipokataa kurudi Mandera. Hiyo kazi wameizoea.

Tulikuwa wanawake watatu. Wa kwanza ni mama wa Kikuyu ambaye nimepanga nyumba yake, mrefu, mwepesi, aliyekuwa akituacha nyuma kila asubuhi. Wa pili ni rafiki yetu Mmaasai anayeuza maziwa karibu na stendi. Dada yake anakaa Namanga, na tulilala kwake ili tuvuke mapema.

Mpakani afisa alitazama vitambulisho vyetu, akatazama mikoba. Ndani kulikuwa na nduma, mayai ya kuchemsha na nyirinyiri yangu, nyama kavu ya ngamia.

"Mnaenda kuleta nini?"

"Hatuleti kitu."

"Basi mko na semina? Ama ni chama?"

Mama mwenye nyumba akaegemea kaunta. "Kijana, wewe hujawahi kwenda mahali kwa sababu tu mahali hapo papo?"

Akatupatia karatasi zetu huku akitikisa kichwa.

Mwongozaji wetu pale Longido alikuwa Mmaasai wa makamo mwenye mvi kidogo kidevuni. Alitusalimia, "Shikamooni." Mama mwenye nyumba akajibu, "Mzuri sana," na yule wa maziwa akaokoa heshima yetu kwa kusema "Sopa." "Ipa," mwongozaji akajibu, na tangu hapo wawili hao walizungumza Kimaa mpaka miti ilipoanza. Mwenzake alifuata nyuma yetu na rungu, kwa ajili ya nyati.

Saa mbili za kwanza zilikuwa vumbi na miiba, kisha tukaingia msitu wenye ukungu. Majani yalining'inia mitini kama ndevu, na njiani kulikuwa na mavi ya nyati ambayo bado yalikuwa mabichi. Mwongozaji aliinua mkono, tukasimama kimya. Hakuna kilichotoka. Tukaendelea.

Tulipofika mahali pa wazi akanigeukia mimi peke yangu.

"Yeyo, wewe utatungoja hapa. Mbele ni mwamba. Na hilo gauni lako..."

Kumbe hata ng'ambo ya mpaka mimi ni mama wa mtu, tena mama wa kuachwa kivulini. Nilikasirika mpaka uchovu ukanitoka.

"Nani umemsikia akisema amechoka?"

Kusema kweli nilikuwa nahema kuliko wote, lakini hilo hakuniuliza.

"Nililelewa Mandera," nikamwambia, "nikikimbiza mbuzi juu ya mawe nikiwa na gauni kama hili. Sikuvuka mpaka nije kukaa chini ya mti."

Nikaukunja upindo nikaufunga kiunoni, suruali ya ndani ikaonekana, nikala tende mbili nikapita mbele yake.

Aliyeshindwa hakuwa mimi. Mwambani goti la mama mwenye nyumba liliteguka. Alikaa, akacheka, kisha nikaona machozi. Nikaketi kando yake nikasema inatosha, tushuke pamoja.

"Ukishuka kwa sababu yangu," akasema, "nitakupandishia kodi."

Alikuwa anatania na hakuwa anatania. Tukamwachia mayai na yule mwanamume wa rungu.

Sehemu ya mwisho nilipanda kwa mikono na magoti. Palipokuwa pabaya mwongozaji alininyooshea fimbo yake, si mkono, na nilimheshimu kwa kulifahamu hilo bila kuambiwa. Juu kulikuwa na jiwe tupu na upepo. Ukungu ulipasuka, na chini yetu tambarare ikafunguka, ng'ombe wakiwa kama punje. Rafiki yangu wa maziwa alipiga kelele kwa Kimaa hadi sauti ikamkauka, kisha akanyoosha kidole kaskazini. "Kajiado ni kule."

Kibla kilikuwa upande uleule. Nikatandaza shuka langu, nikaswali adhuhuri, rakaa mbili za msafiri, na mwongozaji akavua kofia akasimama mbali mpaka nilipomaliza.

Kisha nikamwomba rafiki yangu anipige picha: nimesimama, gauni limekunjwa, uso umejaa jasho. Nikaituma kwenye kundi la familia, nchi tatu za ndugu na wakwe. Sikuandika neno.

Wakati wa kushuka nilianguka mara mbili, na ukucha wa kidole gumba ukang'oka ndani ya raba. Nyumbani mwanangu aliona damu kwenye soksi, akashika kichwa. "Kisukari na kidonda cha mguu! Unajua hiyo ni nini?" Nilijua. Kesho yake nilikuwa kliniki, na nilirudi huko kufunga kidonda kwa wiki tatu. Haikuwa jambo dogo, nami sitasema lilikuwa dogo. Lakini kila aliyeniuliza kama nimejuta nilimjibu hapana, na wengi waliuliza kwa kutumaini jibu lingine.

Ijumaa moja baada ya swala, shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuja kutoka Nairobi na wazee wawili. Picha ilikuwa imemfikia. Alikaa kwenye kochi, mguu wangu wenye bendeji ukiwa juu ya kigoda mbele yake, akazungumza kwa muda mrefu: umri wangu, jina la familia, mavazi, wanaume wa huko mlimani. Niliwamiminia chai, nikamsikiliza hadi mwisho kwa sababu ni mgeni wangu.

"Hata hukuomba ruhusa," akamalizia. "Nani alikuruhusu?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi huyu niliyekaa hapa. Na mguu ukipona tutaenda tena. Huyo mwenzangu goti lake bado lina deni na ule mwamba."

Akamgeukia mwanangu aseme neno. Nami nilimtazama, maana sikujua atasema nini. Alikuwa amekaa mlangoni, kikombe mkononi, macho sakafuni. Mwishowe akainua kichwa.

"Adeer," akamwambia ami yake taratibu, "kunywa chai. Inapoa."